Likizo Iliyoishia Nyololo

Huwa naandika hadithi dukani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, daftari juu ya marobota ya vitenge, wateja wakipungua. Hiyo ya likizo niliiandika kwa hasira, na sioni aibu kusema hivyo.

Mume wangu aliniahidi wiki moja Iringa. Siyo kwenda kusalimia mtu, kutembea tu: kulala hotelini, kuamka saa tuitakayo, kupiga picha tukitazama bonde kutoka mjini. Nilishona gauni, nikanunua na viatu vyeupe. Tulipofika Nyololo akasimamisha gari. "Tumsalimie mama kidogo," akasema. Kesho yake asubuhi nilikuwa shambani kwa mama mkwe nachimba viazi, viatu vyeupe viko ndani ya mfuko. Hicho kidogo kilimaliza wiki nzima. Iringa niliiona kwenye vibao vya barabarani tu.

Yote hayo niliyaandika. Mume wangu alipoyasoma akanuna.

"Watu watanionaje? Andika basi kwamba gari liliharibika."

Nikamwambia gari lilikuwa zima, iliyoharibika ni ahadi. Sibadilishi.

Siku hizo mama mkwe alikuwa amekuja kwetu Mbeya kupimwa macho, basi mwanawe akaona amepata hakimu. "Mama, hebu sikia mkweo alivyotuanika." Nikasoma mbele yake, kuanzia gauni hadi kiazi cha mwisho. Nilijua shamba ni lake na jembe nililoshika ni lake. Lakini sikuruka hata mstari.

Nilipomaliza akafunga kanga yake upya.

"Baba yako alinitoa Makambako nikiwa bibi harusi," akamwambia mwanawe. "Alisema ananipeleka Iringa kutembea. Tukapita hapo Nyololo kusalimia kwao. Mpaka leo nachimba viazi. Mwache aandike hivyo hivyo."

Siku mama anaondoka nilimpa vile viatu vyeupe.

Hadithi haikubadilika. Likizo iliyofuata, tukielekea Iringa tena, mume wangu alisimamisha gari Nyololo, kama kawaida yake, akashuka kusalimia. Mimi nikahamia kwenye usukani. Mama mkwe alitoka ndani amevaa viatu vyeupe, akamkabidhi mwanawe jembe, akapanda mbele.

"Twende, mwanangu," akaniambia, "kabla hajauliza tunarudi lini."