Ganzi ya Upande Mmoja

Utumbo wangu ulijisokota nikiwa Mbamba Bay na mume wangu yuko ziwani, hivyo aliyenisimamia hospitalini Mbinga alikuwa baba mkwe, mkulima wa kahawa wa Mbuji. Mbele ya baba mkwe mimi hata kupiga miayo naona haya. Sembuse kuugulia tumbo lililopasuliwa kutoka juu ya kitovu hadi chini!

Kulia na kushoto kwa mshono walinipachika mirija miwili myembamba ya kupitishia dawa ya ganzi. Nesi alipoisukuma dawa kwa bomba la sindano, upande wa kushoto ulitulia kabisa. Wa kulia uliwaka moto. Kila pumzi ilinikata, nikawa navuta hewa kidogo kidogo, kwa kuibia.

Daktari alikuja wakati wa kuona wagonjwa. Baba mkwe alikuwa kwenye benchi, ameelekea dirishani kwa heshima.

"Mama, ganzi imeshika?"

"Imeshika, daktari. Namshukuru Mungu."

"Haya, kohoa. Kutoka chini kabisa. Usipokohoa, makohozi yatakaa kifuani, upate nimonia, na hiyo inaua."

Nikasafisha koo kama msomaji wa somo la kwanza kanisani. Niliogopa kufa, nasema kweli, lakini niliogopa zaidi kufunuliwa gauni na kupiga yowe mbele ya yule mzee. Ujinga gani huo! Jasho lilinitiririka, nikang'ang'ania ukingo wa kitanda, na bado nikatabasamu.

"Tena," daktari akasema.

"Si nimeshakohoa?"

Akageukia kitanda cha jirani. Nilitaka kumwita, nikavuta shuka hadi kidevuni.

Baba mkwe akainuka, macho bado dirishani.

"Daktari, huyu mwanangu anadanganya. Namsikia, hajavuta pumzi nzima tangu nifike. Atakufa kwa kunistahi mimi. Natoka nje, mwulize tena."

Mlango ulipofungwa nilipiga yowe ambalo nadhani lilifika Mbuji. Wakanifunua: mrija wa kulia ulikuwa umejikunja chini ya plasta. Wakaunyoosha, dawa ikapita, na taratibu ule moto ukapoa. Nesi akanishikisha mto tumboni, kuukinga mshono nikikohoa. Nikakohoa, kikohozi cha kweli.

Sauti ya baba mkwe ikatokea barazani:

"Hicho kidogo! Kohoa tena, mwanangu!"

Nikakohoa tena huku nalia, wala sikuona haya.