Kopo la Muuza Uwele

Muuza uwele ninayekaa naye jirani hapa sokoni Chamwino hampimii mtu kabla ya kupitisha kidole gumba ndani ya kopo lake la bati. Anapapasa kitako, maana kikibonyea kuja juu, mteja anapunjwa bila kujua. Akimimina nafaka, midomo yake inachezacheza, nadhani anaomba. Angelina, yule anayeuza dagaa, humtania: "Mwenzetu, kwani mbinguni nako kuna mizani?" Naye hujibu bila kucheka, "Ipo, mama. Ndiyo ninayoiogopa."

Juzi alimpimia bibi mmoja wa Mtera huku akimpa pole ya msiba wa mwanawe, akasahau kupapasa. Bibi alipokwisha kuondoka na basi, ndipo akakigusa kitako. Kilikuwa kimebonyea.

"Dada, Mungu anajua hukukusudia," nikamwambia.

"Nilipokuwa sijui, sikukusudia. Sasa nimeshajua. Bwana akiniita leo nitamwambia nini?"

Akafunga uwele uliopungua kwenye kitenge, akaulizia basi lingine la Mtera.

"Na jina lake unalijua?" Angelina akauliza, safari hii bila utani.

"Silijui. Nitaulizia penye msiba."

Nikamsindikiza. Mlangoni pa basi akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi katika jua lile kali.

"Yule bibi ni mzee sana," akasema. "Niombee nimkute hai."