Taa ya Usingizi na Mchicha wa Mama

Baridi ya mji wa Laurel, huku ughaibuni, na uhaba wake wa jua viliponinyima usingizi, daktari aliniambia ninunue taa kali inayoiga jua, nikae mbele yake nusu saa kila asubuhi. Mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, aliona ni upuuzi mtu mzima kuangaliana na taa.

Asubuhi moja nilikuta ameigeuzia makopo yake ya mchicha, wa mbegu alizozipitisha uwanja wa ndege ndani ya soksi.

“Wewe una blanketi,” alisema. “Mwenzio hana jua.”

Nilinuna wiki nzima. Mchicha ukastawi, theluji ikimwagika nje. Alipoupika nikaumaliza na ugali, nikalala fofofo.

Daktari aliponiuliza kama taa inanisaidia, nilimjibu bila aibu: sana, hasa ikiungwa kwa nazi.