Harusi Isiyo na Vigelegele

Mwaka ule wa korona, bwana afya alikuja uani kwangu Msambweni, barakoa imemning'inia kidevuni, akasema harusi ya mjukuu wangu haitazidi watu kumi na tano. Nikamwambia hao kwetu ni wapishi tu. Hakucheka. Akaongeza kuwa wazee wajitenge ndani, na vigelegele marufuku, kwa sababu vinarusha mate.

La watu nililimeza. La vigelegele lilinikwama. Kwetu msichana akiozwa kimyakimya, majirani hawaulizi mahari, wanauliza mimba ni ya miezi mingapi. Na huyu nimemlea mimi tangu anaota meno. Hana mimba. Ana cherehani, na mdomo kama wangu.

Baba yake, mwanangu wa kwanza, hoteli ya Diani ilikuwa imemrudisha nyumbani, basi akishinda na simu akisoma katiba.

"Mama, uhuru wa kukusanyika umeandikwa. Wa kuabudu umeandikwa. Twendeni mahakamani."

"Nenda wewe. Ukirudi, bi harusi atakuwa bibi kama mimi."

Wallahi ningeita mji mzima, polisi waje na rungu zao. Lakini ndani nilikuwa na mdogo wangu mwenye pumu. Mafua ya kawaida tu humfanya akeshe ameegemea ukuta, akivuta pumzi kama anavuta mbuzi mkaidi.

"Dada," akaniambia, "katiba ni nzuri, lakini haitanipulizia mapafu."

Nikaichukua orodha ya wageni, nikafuta majina mpaka yakabaki kumi na tano.

Siku ya ndoa wanaume walizijaza nafasi zote, kama kawaida yao. Sisi wanawake watatu tulikuwa chumbani: bi harusi, mdogo wangu na mimi. Tukamsikia bwana harusi akisema amekubali. Kisha kimya, kama matangani. Mjukuu wangu akatazama hina ya mikono yake, machozi yakamtoka.

Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikaenda mpaka katikati ya shamba la mihogo, nikavua barakoa, nikapiga kigelegele mpaka mtandio ukaanguka. Mbuzi wakakimbia. Jirani akaitikia uani kwake, na wa pili yake, na wa ng'ambo ya barabara.

Bwana afya, aliyekuwa barazani akihesabu wageni, akaja akiikanyaga mihogo yangu. "Bibi, si nilikataza?"

"Kwanza salamu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, mwanangu, mate yangu yamemfikia nani hapa?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Na wale wanaoitikia?"

"Kila mmoja yuko kwake. Au siku hizi na vyooni mnatuhesabu?"

Akaivuta barakoa juu ya pua. Sijui alikuwa anatii sheria au anaficha kicheko. "Piga kimoja tu, bibi, kisha urudi ndani."

Nikapiga vitatu.