Kibanio Kichwani mwa Ntumba

Mwaka 1988 kampuni ya migodi ilimpeleka Ntumba, fundi umeme wa mgodi wa Mashamba, kupasuliwa kichwa Ubelgiji. Mshipa wa damu ulikuwa umevimba kwenye ubongo. Daktari aliubana kwa kibanio kidogo cha chuma, akakiacha humo. Ntumba alirudi Kolwezi na kadi inayotaja kibanio hicho na aina ya chuma chake. Hospitali ya kampuni, iliyoandika asili ya mfanyakazi kwenye kila karatasi, ikaigonga mhuri: Asili, Kasai.

Miaka mitano baadaye mhuri ule ulikuwa hatari. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wakifukuzwa na wenyeji wa Kolwezi. Wengi walilala stesheni wakingoja treni. Ntumba na mkewe Mujinga hawakwenda huko. Stanislas, mwenzake wa karakana, alikubali kuwapeleka Kasaji, kwa ndugu zake mwenyewe, kwa baiskeli na kuwaita shemeji zake. Lakini njiani vijana walikuwa wakikagua karatasi. Asubuhi ya safari Mujinga alitia kwenye mbabula, jiko lililowaka makaa, kila kilichoandikwa Kasai. Mumewe hakuuliza alichoma nini, naye hakusema.

Mambo yalipotulia walirudi, wakapanga nyumba mtaa wa Manika. Ntumba alikuwa na miaka sitini na sita alipoanza kuona kila kitu viwili viwili. Daktari alihofia uvimbe, akamtuma Lubumbashi kwenye IRM, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili.

Odile, mwendesha mashine, aliona kovu kichwani, akaambiwa habari za kibanio, akaomba kadi yake. Ntumba alijibu kwamba iko nyumbani, sandukuni.

"Tata, haiko," Mujinga alisema. "Mi niliichoma na zile zingine."

Ntumba akauliza kama eksirei haitoshi. Odile alieleza taratibu kwamba ingeonyesha umbo la kibanio, si aina ya chuma. Vibanio vya zamani, vingine hutulia mbele ya sumaku. Vingine hugeuka na kuchana mshipa.

"Bila kadi, tata, mi siwezi kukuingiza."

Ntumba alimgeukia mkewe. "Kama uliiacha siku ile, leo hatungekuwa na kichwa ya kupima."

Alipimwa kwa skana isiyo na sumaku. Picha zilijaa michirizi kando ya kibanio. Palipoonekana, hapakuwa na uvimbe. Daktari alitaka picha nyingine baada ya miezi mitatu.

Odile alimwandikia kadi mpya: kibanio kichwani, chuma hakijulikani, asiingizwe kwenye IRM. Mujinga aliisoma mbele na nyuma. Hapakuwa na mstari wa kuandika asili ya mtu. Akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake.