Mrefu Tuliyemtaka

Msimu ule timu ya chuo ilifungwa mechi zote isipokuwa moja, na hiyo moja wapinzani hawakufika kwa sababu basi lao liliharibika njiani. Mdogo wangu hakuacha kuwakumbusha watu jambo hilo. "Hatukuifunga timu," alikuwa akisema, "tulifunga basi." Watu wakicheka, yeye hacheki.

Chuo chenyewe kipo Al Khoudh, si kikubwa, na mpira wa kikapu haushughulishi wengi pale. Mdogo wangu aliichezea timu hiyo alipokuwa mwanafunzi, mpaka goti lake likaharibika. Mie sikuwahi kuushika mpira ule maishani mwangu. Nafanya kazi wizarani Al Khuwair, na nilianza kwenda kutazama mechi kwa sababu moja tu. Kampuni aliyokuwa akiitumikia ndugu yangu ilipunguza watu, naye akawemo. Mkewe akachukua watoto akenda kwao, kwa muda, alisema, na muda ule ukawa mwaka. Yeye akarudi kwa mama yetu Sib, akajifungia chumbani. Siku moja mama akanipigia simu kazini.

"Njoo umtoe ndugu yako humo chumbani. Mie nimeshindwa. Chakula hali, mapazia hafungui."

Kitu pekee kilichomtoa kilikuwa timu ile mbovu. Basi kila Jumatano nikitoka kazini nampitia Sib, tunarudi pamoja hadi Al Khoudh, tunakaa safu ya juu kabisa na kutazama vijana wetu wakifungwa.

Tulikuwa watatu kwenye safu ile. Wa tatu alikuwa fundi wa viyoyozi, Mkenya, aliyeingia ukumbini siku moja kutengeneza mashine akakuta mechi inaendelea, akakaa mpaka mwisho na mkoba wake wa vifaa miguuni. Alikuwa ameucheza mchezo huo alipokuwa shule kwao Nakuru, na yeye ndiye aliyenifundisha kuutazama. Tatizo letu, alinieleza, ni moja. Hatukuwa na senta, yaani mtu mrefu wa kusimama karibu na kikapu, adake mipira inayogonga ubao na kuwazuia wapinzani wasifunge kwa raha zao.

"Angalia, dada," aliniambia. "Huyu wetu wa ndani ananifika hapa." Akajigusa sikio. "Na mimi si mrefu. Hata Mungu akishuka awe kocha, hapo hakuna la kufanya."

Mwisho wa msimu zikaja khabari kwamba uongozi wa chuo umechoka. Timu ikishika mkia mwaka mwengine, itavunjwa. Mdogo wangu alizisikia, akajifungia tena. Wiki mbili hakutoka chumbani, na mimi nikaanza kuogopa vitu ambavyo sikuthubutu kumtajia mama.

Halafu asubuhi moja ya Ijumaa akanipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Nimemuona mtu," alisema. "Dukani kwa mkate. Ameinama kupita mlangoni, wallahi ameinama! Nimemfuata mpaka kwao."

Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, amemaliza sekondari mwaka ule, anakaa Sib mitaa mitatu kutoka kwa mama yetu. Alizidi mita mbili. Mpira wa kikapu hajaucheza. Alikuwa mlinda mlango wa timu ya mtaani pale ufukweni. Siku ya pili yake picha yake ikaingia kwenye kundi letu la simu, kundi la mashabiki, watu wasiozidi thelathini, wengi wao waliwahi kusoma pale. Sijaona kundi lile likichangamka vile. Mmoja akasema ni mwembamba mno, atasukumwa kama pazia. Mwengine akasema wembamba unatibika kwa chakula, ufupi hautibiki. Mwengine akakata kipande cha picha, akakikuza, akatuonesha vidole vyake. "Tazameni urefu wa vidole hivi! Mpira utakuwa kama chungwa." Tukasikia pia kwamba chuo kimoja cha Sohar kimeshatuma mtu kwao. Hapo ndipo kundi likawaka moto. Watu wakamhimiza kocha, wakauhimiza uongozi, mpaka kijana akaahidiwa nafasi ya kusoma bure akikubali kuja kwetu. Tulimjadili magoti, mabega, mikono, hatua zake, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza anataka kusoma nini.

Fundi peke yake alikuwa na mashaka. "Urefu haudaki mpira," alisema. "Wacha tumuone kwanza."

Tukamuona. Kocha alimwita uwanja wa wazi mmoja Sib, saa kumi alasiri, jua bado kali. Mwanzo mpira ulimponyoka kila akipewa. Lakini alikuwa na miguu ya mlinda mlango, anajua mpira utaangukia wapi kabla haujaanguka, na baada ya nusu saa hakuna aliyekuwa akidaka chini ya ubao ila yeye. Fundi alikunja mikono, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Khalas, basi," alisema. "Ndiye." Mdogo wangu alisimama kando ya uwanja, amenyoa ndevu siku hiyo, na nikaona anacheka. Nilikuwa nimeshasahau kwamba meno yake ya mbele yamepandana kidogo.

Kijana mwenyewe alikuwa tayari. Aliyebakia ni mama yake, mjane, na yeye hakutaka. Kocha alikwenda akarudi mikono mitupu. Hapo wakanigeukia mimi. Mama yule ni wa kwetu, kazaliwa Unguja kama mama yangu, Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yake. Mdogo wangu akanambia, "Nenda weye. Mtaelewana."

Nikaenda Jumamosi. Alinipokea vizuri, akaniwekea kahawa na mkate wa kumimina, tukaulizana koo na mitaa kama ilivyo desturi, tukakuta shangazi yake na bibi yangu walisoma Kurani pamoja kwa mwalimu mmoja. Halafu akautengeneza mtandio wake begani.

"Nasikia mwamtaka mwanangu."

"Tunamtaka kwa kheri, bibie. Atasoma bure, na atacheza."

"Kusoma nnakutaka. Hicho kingine ndicho nnachokiogopa. Babake alikuwa mrefu vivyo hivyo, mwembamba vivyo hivyo. Hakutimia miaka arubaini. Alitoka kusali adhuhuri, akakaa kwenye ngazi ya msikiti kuvaa viatu, hakuinuka."

"Alikuwa na maradhi?"

"Walisema moyo. Mie nilikuwa na watoto wadogo, nani angekaa kuuliza." Akaweka kiganja juu ya kifua chake. "Na huyu, akikimbia sana hushika hapa. Hasemi, lakini mie humuona."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi hata sijui tena kama alikuwa akinitazama alipoyasema. Ninachokumbuka ni kwamba nilielewa. Si kwamba sikusikia, wala si kwamba nilidhani ni wasiwasi wa mama. Nilielewa, na papo hapo nikaliona pazia la chumba cha ndugu yangu, limefungwa.

"Vijana wote wakikimbia hushika kifua, bibie," nikamwambia. "Na hawachezi bila ya cheti cha daktari. Akiwa na kitu, kitaonekana." Akasema haya, kama kuna daktari, na aende.

Kuhusu cheti sikusema uongo. Lakini nilijua cheti chenyewe kinavyopatikana. Kijana anapimwa presha, anawekewa kipimo kifuani kwa muda wa pumzi tatu, karatasi inagongwa muhuri. Ningeweza kusema apelekwe kwa daktari wa moyo, aelezwe khabari za babake. Sentensi mbili tu. Sikuzisema pale, sikuzisema kwa kocha, sikuzisema garini niliporudi. Mdogo wangu alikuwa akinisubiri mlangoni kwa mama.

"Amekubali?"

"Amekubali."

Akanikumbatia, na sisi si watu wa kukumbatiana.

Miezi miwili ile ilikuwa mizuri, na uzuri wake ndio unaonichoma. Ndugu yangu alikuwa akenda mazoezini kila siku. Alimchukua kijana Sib kwa gari ya mama na kumrudisha, akamfundisha namna ya kusimama, namna ya kumpa mpinzani mgongo. Alianza kula. Mkewe akapokea simu yake, wakazungumza juu ya shule za watoto. Mechi ya kirafiki ya mwanzo tulishinda, mara hii tukiifunga timu na wala si basi, na ukumbini watu walisimama. Fundi alipiga mluzi mpaka mlinzi akaja kumtazama. Kijana alipotoka uwanjani aliinua uso akatutafuta kule juu, akatupungia mkono wake ule mrefu.

Alianguka Jumatatu, mazoezini, saa kumi na moja jioni. Mimi nilifika dakika chache kabla, nimetoka kazini. Hakugongana na mtu. Alidaka mpira, akamrushia mwenziwe, akageuka kukimbia, kisha magoti yakamlegea na akalala kifudifudi. Mwanzo wachezaji walidhani ameteleza. Mmoja alicheka. Fundi aliruka safu zote, sijui alizirukaje, akamgeuza, akaanza kumkandamiza kifua huku anahesabu kwa sauti. Mdogo wangu alisimama mahali pake, mikono juu ya kichwa. Aliendelea kusimama vile hata gari la wagonjwa lilipokuja na kuondoka.

Hakufa. Watu wakisikia hadithi hii husema alhamdulillahi, na mimi husema pia. Madaktari walikuta mshipa mkubwa unaotoka moyoni umetanuka na kuanza kuchanika, maradhi ya kuzaliwa nayo, yanayowapata sana watu warefu wenye vidole virefu. Wakampasua. Aliporudi nyumbani alikuwa hai, lakini damu ilikuwa imechelewa kufika kichwani. Maneno yake yanatoka moja moja, na mkono wa kushoto haushiki kitu. Masomo aliacha kabla hajamaliza muhula mmoja.

Kundi la simu lilijaa dua siku tatu. Siku ya nne mtu akatuma picha ya kijana mrefu aliyeko Salalah, akauliza kama kuna anayemjua. Mwengine akajibu kwamba huyu ana mwili, huyu ataweza. Fundi alijitoa kwenye kundi hapo hapo. Akanipigia simu. "Dada, mimi sirudi tena hapo," alisema. "Nikifunga macho naiona hiyo sakafu." Nikamwambia naelewa. Hatujaonana tena.

Nilikwenda kumtazama kijana baada ya wiki sita. Alikuwa amekaa kwenye kiti sebuleni kwao, miguu yake imefika katikati ya zulia. Alinijua. Akaniuliza, kwa taabu, kama tumeshinda, nami nikamwambia bado msimu haujaisha. Mama yake alileta kahawa vilevile kama siku ile. Aliponisindikiza mlangoni akasema, bila ya kupandisha sauti:

"Mie nilikwambia."

"Ndiyo, bibie."

"Nilikwambia hapa hapa."

Nilisubiri aendelee. Nilitaka anitukane, anifukuze. Akafunga mlango taratibu, na mimi nikabaki nimesimama juani natafuta funguo za gari.

Siku ile nilimkuta mdogo wangu ndani ya gari ya mama, nje ya nyumba, injini imezimwa, vioo vimefungwa, jasho linamtoka. Nikaingia nikakaa kando yake. Nikamwambia yote. Khabari za babake kijana, ngazi za msikiti, kiganja juu ya kifua, na namna nilivyomjibu yule mama. Nilimwambia kwa sababu nisingeweza kulibeba jambo lile peke yangu siku moja zaidi, na pengine pia nilitumai atanikasirikia.

Aliufuta usukani kwa kiganja, pole pole.

"Na mimi aliniambia," alisema. "Kijana mwenyewe. Wiki ya pili, humu humu garini. Alisema anabanwa kifua akikimbia. Nikamwambia anywe maji zaidi."

Hakunitazama. Mimi pia sikumtazama. Tulikaa mpaka mama akatoka kutuita tuje kula, akagonga kioo, akaona nyuso zetu, akarudi ndani bila ya kuuliza.

Timu ilishika mkia na chuo kikaivunja. Katika ukumbi ule sasa wanafanya mitihani. Mke wa ndugu yangu hapokei tena simu. Mdogo wangu amerudi chumbani, na mama hanipigii tena kuniambia nikamtoe. Ijumaa nikifika Sib nagonga mlango wake, naweka sahani ya wali chini, namsikia ananishukuru kutoka ndani, nami nakwenda kukaa na mama.