Kila Faili na Ndugu Zake

Mume wangu ni fundi kompyuta, na mke wa fundi yeyote atakwambia: vya nyumbani hutengenezwa mwisho. Wateja humwita Daktari. Mimi humwita baba watoto, ila siku ile nilikaribia kumwita jina jingine.

Binti yetu wa mwisho alikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video, kazi ya kuchora ramani za nyumba. Ameisaka tangu amalize chuo, mpaka macho yamemwingia ndani. Kompyuta yake ni kuukuu, inatumia mfumo wa Linux badala ya Windows, na kadi yake ya waifai haijawahi kukubali kwa hiari. Baba yake aliibembeleza kwa programu aliyoiunga mwenyewe.

Jioni ya kuamkia usaili, kwa mapenzi tu, akaisasisha mashine nzima. Kisha, kama kawaida yake, akafuta kiini cha zamani cha mfumo, ule moyo unaoiendesha mashine, ili asiache uchafu. Huyo ni mtu asiyejua ufagio wetu unakaa wapi.

Asubuhi waifai haikuonekana. Ile programu haikupatana na kiini kipya, cha zamani cha kurudia hakipo tena, na mafaili ya kuiunga upya yako huko huko mtandaoni. Akaenda dukani kwake, mtaa wa pili, kuyapakua. Akarudi na flashi, faili likamdai ndugu yake, faili jingine ambalo bila hilo halifanyi kazi. Akaenda tena. Ndugu naye akawa na ndugu.

"Baba, acha nitumie simu," binti alimwambia.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Nimeshafika."

Alikuwa hoi, shati limemganda mgongoni, na bado hataki kushindwa mbele ya mtoto. Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja, na zote mbili zinachosha.

Hatimaye mtandao ukashika. Akaibeba kompyuta kwa mikono miwili hadi chumbani. Binti alikuwa ameketi kitandani, simu mapajani.

"Imekubali," baba yake alisema.

"Asante, baba. Tumeshamaliza."

"Wamesemaje?"

"Walitaka niwaonyeshe michoro yangu. Si yote imo humo?" Akaitazama kompyuta. "Nikawaambia iko kwa fundi."

Mimi nilikuwa nimemwekea mume wangu maneno makali tangu asubuhi. Badala yake nikasogeza nguo kitandani ili apate pa kuketi. Akaketi pembeni ya binti, mashine bado mikononi, akawa anaomba radhi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.